Mtani Huzidisha, Hatungi

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Somoe, siku ya kuanua tanga, watani waliingia uani pale Chiungutwa wakafanya kazi yao. Kazi ya mtani msibani huku inajulikana: amwigize marehemu mpaka wafiwa wacheke kabla machozi hayajakauka. Fundi wao siku hiyo alikuwa Mzee Salmini, Mmakonde wa Newala, ambaye ukoo wake na ukoo wa Bi Somoe zimetaniana tangu enzi za mababu. Alijifunga kanga moja ya marehemu kiunoni na nyingine kichwani, akashika nyonga ya kushoto kama Bi Somoe alivyozoea kuishika kila alipotoka jikoni, akaanza kugombana na kuku.

Watu walicheka sana. Hata Profesa Hajira Uwesu, binti pekee wa marehemu, aliyekuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, alicheka. Alikuwa amefundisha sanaa za maonyesho chuo kikuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi nzuri alikuwa akiijua anapoiona. Nyonga ile ilikuwa ya mama yake kabisa. Hata maneno ya kuwasuta kuku, “mna kesi nami nyie”, yalikuwa yake.

Kisha Salmini akabadilisha mchezo. Alitoka kona ya uani mbiombio, akapiga magoti mbele ya mtani mwenzake, akasema kwa sauti ya Bi Somoe, ile ya kukwaruza:

“Mtani, nisitiri. Mtoto kaja na mashine ya watu ya kupigia picha, na kutwa analia. Anataka ngoma ya kale. Mimi nitaitoa wapi? Tumpikie hata moja, mtani, akawaoneshe wenzie.”

Wanawake wa rika la mama yake waliangua kicheko, na kicheko kikakatika ghafla, vinywa vyote kwa pamoja. Mmoja alikohoa. Bi Adija, mdogo wake marehemu, akaanza kutafuta kitu kwenye pindo la kanga yake, na Hajira alijua vizuri kwamba kwenye pindo lile hakukuwa na kitu. Wawili watatu walimtazama, kisha wakatazama pembeni. Salmini mwenyewe aliinuka, akajipangusa magoti, akarudi kwa kuku wake.

Hajira hakucheka tena mpaka watu walipotawanyika.

Ieleweke kwamba shaka hakuianza siku hiyo. Alizaliwa nayo. Alipokuwa mtoto alifunua kila chungu alichoambiwa kina mboga, ahakikishe mboga ipo. Chuoni wanafunzi walimpa jina la Mama Uthibitisho, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha alichungulia dirishani kwanza. Walidhani halijui jina hilo. Alilijua, na aliyelianzisha alimjua pia.

Na shaka hiyo ndiyo iliyomfikisha alikofika. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi Newala, akiwafundisha watoto michezo ya kuigiza ya siku ya wazazi. Akaenda chuo kikuu akiwa na miaka ishirini na minne, huku mwanawe Shamila amemwachia bibi yake Chiungutwa. Mwaka 1999 alirudi nyumbani na kamera ya video ya idara, kukusanya data za shahada ya uzamili, na siku ya mwisho kabisa alirekodi ngoma moja iitwayo litingo, ambayo hakuna msomi aliyewahi kuiandika. Wanawake wanane kwenye duara. Hakuna ngoma ya kupigwa wala marimba. Kila mmoja ana ungo, anaupiga kwa kiganja. Kila baada ya hatua nne wote wanageuza vichwa kulia, kimya, halafu wanaendelea.

Litingo ilimlea kuliko mshahara. Ilimpa uzamili, kisha uzamivu, kisha kitabu. Kurasa kumi na moja za kitabu hicho zilieleza kwa nini wanawake wale wanapiga nyungo: kwa sababu litingo ni ya zamani kuliko ngoma za kuwambwa. Kurasa sita zilieleza vichwa: wachezaji hugeukia upande wa makaburi, kuwaomba ruhusa waliotangulia. Alipoingia kwenye masomo ya uongozi wa sanaa, aliwaundia wanawake wale Kikundi cha Litingo, chenye katiba, katibu na mhuri, Bi Adija akiwa mwenyekiti, na mwongozo aliouandika kuhusu kuongoza vikundi vya vijijini ukasomwa vyuo vingi. Sasa, akiwa na miaka hamsini na minne, alikuwa amepandishwa kuwa profesa kamili. Baada ya wiki tatu angesimama ukumbini, mbele ya wakubwa wote wa chuo, kutoa mhadhara wa kukipokea cheo. Mada ilikuwa litingo. Ingekuwa nini kingine?

Doa lilikuwa moja, na lilikuwa na jina: Evelina Mathias.

Evelina alikuwa mwanafunzi wake wa uzamivu, binti wa mwalimu mmoja wa Masasi, mpole, mwandiko wake mdogo mpaka unatafuta miwani. Aliifuata litingo kijiji kwa kijiji, kutoka Chiungutwa hadi Newala, akahoji wazee arobaini na mmoja, na katika sura ya tatu ya tasnifu yake akaandika kwamba hakumpata hata mmoja aliyeiona ngoma hiyo kabla ya mwaka 1999. Hajira aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Hukutafuta.” Evelina akarudi uwandani, akaja na jibu lilelile. Hajira akakataa kusaini. Mara mbili alimwambia kwenye simu kwamba ataitazama tena, na mara zote mbili hakuitazama. Sura ilikuwa imelala mwaka wa pili sasa, na mwisho wa mwezi muda wa masomo wa binti huyo ungekwisha. Bila saini ya msimamizi, jina lake lingefutwa.

Hajira alikuwa na sababu zake. Dk. Arthur, mkuu wa idara, aliwahi kuuliza kikaoni, huku akitabasamu, imekuwaje ngoma kubwa namna hiyo isijulikane kijiji cha pili. Mwezi uleule Hajira alimwona Arthur kantini akinywa chai na Evelina. Kwa mtu mwingine hiyo ni chai. Kwa Hajira ilikuwa njama. Alimwondoa Evelina kwenye orodha ya wasaidizi wa kufundisha, akamwambia ni kwa faida yake, apate muda wa kuandika.

Kwa hiyo, uani kulipobaki majamvi na masufuria, wazo lake la kwanza halikuwa juu ya mama yake. Lilikuwa juu ya Evelina. Mwaka jana binti huyo alikuwa Newala, akamhoji Salmini. Jina la mzee lilikuwa kwenye orodha, namba ishirini na tisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Arthur amemtuma Evelina, Evelina amemlisha Salmini maneno, na Salmini amekuja kuyamwaga kwenye tanga. Alipoipanga hivyo aliona imekaa vizuri sana, na kwa muda akajisikia nafuu.

Palikuwa na sehemu moja tu iliyokataa kukaa, na sehemu hiyo aliiandika yeye mwenyewe. Katika makala yake kuhusu watani, Hajira aliandika sentensi ambayo wanafunzi huinakili kwenye mitihani kila mwaka: mtani huzidisha, hatungi. Anaweza kuirefusha nyonga ya marehemu, lakini hawezi kumpa nyonga asiyokuwa nayo, maana kila aliyeko uani alimjua marehemu na angemzomea. Watu wa Chiungutwa hawaoni haya kuzomea. Na siku ile hakuzomea mtu. Walinyamaza.

Asubuhi alimkuta Bi Adija kibarazani akichagua mchele.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, Mama Shamila. Umeamkaje?”

“Salama. Mama mdogo, yale ya Salmini ya jana yalikuwa nini?”

“Watani hao mwanangu. Wana akili?”

“Wewe litingo ulifundishwa na nani?”

“Na wakubwa.”

“Wakubwa gani?”

“Wakubwa wote wamekufa.”

“Walikufa kabla ya mwaka tisini na tisa?”

“Mimi miaka siijui. Mimi najua misimu ya korosho.” Bi Adija aliinamia ungo. “Mchele huu una mawe, sijui wameununua wapi.”

Hajira aliutazama mchele. Ulikuwa mweupe, umeshachaguliwa, hauna jiwe hata moja. Darasani alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba mwenye kuficha hujibu swali ambalo hakuulizwa. Aliaga, akaondoka. Alipopita mashine ya kusaga, mazungumzo yalikoma. Alipofika mbali kidogo yakaendelea. Huenda walikuwa wakizungumza habari za unga. Hajira hakuamini hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitembea Chiungutwa kama mtu anayetembea jukwaani hajui mchezo unahusu nini, na kila aliyempa shikamoo, yeye alimtazama usoni mara ya pili.

Alichukua bodaboda mpaka Masasi, akapanga chumba kwenye gesti moja chini ya mlima wa mawe, akafunga mlango mchana kweupe, akafungua kompyuta. Mkanda wa mwaka 1999 ulikuwa umo, umeshahamishiwa humo zamani. Alikuwa ameutazama mara mia na zaidi. Lakini siku zote alitazama duara, kwa sababu duara ndilo alilokuwa akilitafuta. Safari hii alitazama pembeni.

Dakika ya nne, kwenye ua wa makuti wa bafu, ulitokea mkono. Mkono wa mwanamume, mkono wa shati umekunjwa. Ulinyoosha vidole viwili. Vichwa vinane vikageuka kulia, na miguu ikabadilisha hatua. Hajira alirudisha nyuma, akatazama tena. Vidole vitatu: vichwa vikageuka, hatua ikabadilika. Makaburi ya Chiungutwa kweli yako upande ule. Lakini bafu lilikuwa karibu zaidi.

Kisha akamtazama mama yake, wa tatu kutoka kushoto, bado mwenye nguvu, mnene kidogo, kanga mpya. Midomo ya Bi Somoe ilikuwa ikicheza. Miaka yote Hajira alidhani anaimba. Sasa aliikuza picha mpaka uso ukajaa kioo, na akaisoma midomo ile: moja, mbili, tatu, nne. Mtu aliyerithi ngoma kwa bibi yake haihesabu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hajira alifunga kompyuta. Aliogopa. Aliogopa kiasi kwamba akatafuta mlango wa kutokea, na akaupata palepale alipouacha: huenda mkono ule ulikuwa wa Salmini, na alikuwa kiongozi wa ngoma kweli, huenda ngoma za zamani ziliongozwa kwa vidole, huenda Evelina ndiye aliyeigeuza hadithi. Kesho yake asubuhi akapanda gari la Newala. Gari lilipanda mlima taratibu, likaingia kwenye mchanga mwekundu na mikorosho ya uwanda wa juu, na njia nzima alikuwa akipanga maswali ya kumbana nayo mzee, moja baada ya jingine, kama wakili.

Salmini alikuwa barazani kwake, ametandaza vyuma vya baiskeli kwenye gunia. Ufundi baiskeli ndio uliomweka mjini miaka yote.

“Shikamoo, mtani.”

“Marahaba, profesa. Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja na polisi.”

Akamvutia kigoda, akampa maji nusu kikombe. “Newala hii, maji ni ya shida,” alisema. “Mgeni wa shari hatumjazii.”

Hajira hakucheka. “Evelina Mathias alikupa nini?”

“Yule binti wa daftari? Alinipa shikamoo. Na biskuti za wajukuu.”

“Na maneno ya kusema kwenye tanga la mama yangu.”

Hapo Salmini aliweka chini spana. Utani ulimtoka usoni, na alipokuwa hana utani alionekana mzee sana.

“Yule mtoto alikaa hapo ulipokaa wewe, siku mbili,” alisema. “Akaniuliza litingo ilianza lini. Nikamwambia sijui. Akaniuliza tena kwa njia nyingine, mna njia nyingi nyie watu wa chuo. Nikamwambia sijui. Mwisho akafunga daftari, akaniambia, ‘Babu, profesa wangu hatasaini kwa sijui.’ Akalia kidogo, akajifuta, akaniaga vizuri kabisa. Na mimi nilikuwa naijua siku, naijua saa, najua na nani alivaa nini. Lakini mama yako alikuwa amenifunga mdomo.”

“Mama yangu.”

“Unakumbuka manyakanga walivyokukatalia?”

Alikumbuka. Wanawake wakubwa wa unyago walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakamwambia mambo ya ndani hayaingii kwenye mashine. Kamera ilitakiwa chuoni Jumamosi. Alilala kitandani kwa mama yake akalia mpaka akaumwa kichwa, mtu mzima mwenye mtoto.

“Mama yako akakutuma Masasi kwa afisa utamaduni, kuchukua kibali,” Salmini aliendelea.

“Nilimsubiri siku mbili. Alikuwa safarini.”

“Tulijua yuko safarini.”

Hajira alikishika kikombe kwa mikono yote miwili.

“Siku mbili hizo tulikuwa kwenye mikorosho ya mjomba wako,” mzee alisema. “Mama yako alitunga nyimbo, mimi nikatunga miguu. Jina alilitoa Adija, halina maana yoyote, lilimjia tu.”

“Na nyungo?” aliuliza, ingawa hakutaka kujibiwa.

“Ngoma zilikuwa kwa Nasibu. Nasibu akakataa kuazima, akasema ngoma za jando hazitoki nje ya msimu. Tukasema basi, tupige nyungo.”

Kurasa kumi na moja.

“Na vichwa?”

“Walikuwa wanasahau. Nikajificha bafuni niwaoneshe kwa vidole.”

Kurasa sita. Hajira aliwaza wanawake wanane, na waume zao, na watoto waliochungulia mazoezi mikoroshoni, na wageni wote aliowaleta kijijini kwa miaka ishirini na sita, wanafunzi, wafadhili, mkuu wa wilaya mmoja, na Bi Adija akiwapokea kwa uso mkavu na mhuri mkononi. Kijiji kizima kilikuwa kikiigiza, na mtazamaji alikuwa mmoja. Yeye, mwalimu wa maigizo.

“Mlikuwa mnanicheka,” alisema.

“Siku ya kwanza tulicheka mpaka mbavu zikauma,” alisema Salmini. “Ulipoleta kitabu hatukucheka tena. Mama yako alimwomba Shamila amsomee, akaona ulivyoliandika jambo, akaogopa. Kila ulipopanda cheo, yeye usingizi ulipungua. Alikuja hapa akaniambia, ‘Mtani, nimempandisha mwanangu juu ya mkorosho, na tawi lilivyo nalijua mimi.’ Nikamwambia, mwambie. Akasema, ‘Nikimwambia mimi, ni mama aliyemdanganya. Akiambiwa na mtani hawezi kukasirika, ni haramu. Nikishakufa, siku ya tanga, mwambie. Na umwambie mbele za watu, asije akalificha.’”

Maneno ya mwisho yalimpiga Hajira kuliko yote yaliyotangulia. Maisha yake yote alimshuku kila mtu: wanafunzi, wakuu wa idara, wasahihishaji wasiotaja majina, mume aliyemwacha na hata wale waliokuwa tayari kumwoa baadaye. Mama yake hakuwahi kumshuku hata siku moja. Na huyo mama asiyeshukiwa ndiye pekee aliyemshuku yeye, na alimjua barabara.

Alimkasirikia marehemu, na alijionea aibu kwa hasira hiyo, kaburi bado bichi. Akaikumbuka midomo ile ikihesabu. Bi Somoe hakuwa mchezaji. Kwenye harusi za watu alikuwa akikaa jikoni. Alijifunza hatua kwa siku mbili, na nyonga yake mbovu, kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Sasa tusimsitiri Hajira, maana mama yake naye hakumsitiri. Wazo lilimjia, na alilikaribisha. Chuoni hakuna anayejua. Chiungutwa wamenyamaza miaka ishirini na sita, watanyamaza zaidi. Mwisho wa mwezi Evelina anafutwa, sura ya tatu inakufa naye, na wiki inayofuata mhadhara unasomwa kama ulivyo. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji tu kutofanya.

“Huko kwenu nani mwingine anajua?” Salmini aliuliza, akiokota spana yake.

“Hakuna,” alisema Hajira.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye baiskeli. Hakumtazama tena, na hakumshauri. Kazi aliyoagizwa alikuwa ameimaliza. Hajira alikaa pale muda mrefu. Kilichomsumbua hakikuwa ukumbi wala wakubwa wa chuo. Alimwona binti mwembamba akiwa amekaa kwenye kigoda hiki hiki, akiambiwa sijui na mtu anayejua, akijifuta macho na kuaga vizuri. Wazee arobaini na mmoja. Alitafuta, yule mtoto. Alitafuta kuliko Hajira alivyowahi kutafuta.

Akatoa simu, akapiga.

“Shikamoo, Profesa. Pole sana na msiba.”

“Marahaba. Evelina, sura ya tatu nitaisaini. Kama ilivyo, usibadilishe neno. Litingo ilitungwa mwaka tisini na tisa, na aliyeitunga namjua. Ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.”

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

“Profesa, kuna mtu mwingine anasikiliza?”

“Hapana. Niko Newala, kwa Mzee Salmini.”

“Ni kwa sababu ya Dokta Arthur?” Sauti ya binti ilikuwa ndogo, ya haraka. “Sijawahi kumwambia kitu chochote, Profesa. Wallahi, mimi Mkristo lakini naapa. Siku ile ya chai alikuwa anamuulizia baba, walisoma pamoja.”

“Sijakuuliza habari za chai.”

“Ndiyo, Profesa.”

Hajira alitaka kusema samahani, lakini neno hilo hakulizoea. Evelina ndiye aliyetangulia.

“Basi naomba, Profesa, uniandikie. Kwa mkono wako, na tarehe, na saini. Na nakala iende kwa mkuu wa idara. Usinielewe vibaya. Maneno ya simu nimeshapewa mara mbili.”

“Utapata leo,” alisema Hajira.

Alitafuta hasira, akaikosa. Binti alikuwa anauliza kama yeye anavyouliza, alikuwa anaogopa kama mtu aliyefundishwa kuogopa, na mwalimu wake alikuwa mmoja tu. Hilo lilimuuma kuliko kurasa zote kumi na saba.

Alichana ukurasa katikati ya daftari, akauweka juu ya goti. Akaandika tarehe. Akaandika majina ya Evelina, yote matatu, na chini yake: nakala kwa Dk. Arthur. Salmini aliacha kukaza nati ili asimsumbue. Kisha Hajira akaanza barua, na neno la kwanza aliloliandika lilikuwa jina la mama yake.